Mbwa asiyepata nyumba: nani alipie miaka yake iliyobaki?

Watu wengi wanaoishi mbali na Nairobi hulipa kuanzia dola 50 kwa mwaka ili kusaidia kumlea mtoto wa tembo aliyempoteza mama yake, kupitia mpango wa Sheldrick Wildlife Trust, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1977. Mfadhili hupata habari za tembo wake, humwona akinywa maziwa kwa chupa, akikua, akihamishiwa Tsavo, na hatimaye akijiunga na makundi ya porini. Mpango huo umefanikiwa kwa sababu nyingi, na mojawapo haisemwi sana: fedha za mfadhili zina mahali zinapofika. Iko siku ambayo mnyama huyo huacha kuwahitaji watu. Mbwa ninayetaka kumzungumzia hapa hana siku hiyo. Ni mbwa aliyeokolewa, akatibiwa, akalishwa na kutangazwa, kisha watu wakapita mbele ya banda lake kwa miezi na miaka bila hata mmoja kumchukua. Au ni mbwa ambaye walezi wake wenyewe wamekwisha kuamua kwamba si haki kumkabidhi kwa familia yoyote. Kumfadhili mbwa wa namna hii ni kulipia maisha yasiyo na safari ya kuelekea kwingine, maisha ambayo kazi yake yote ni kuendelea, siku hadi siku, mpaka yatakapokwisha.

Naamini kwamba ufadhili huu ni wa haki, na kwamba jamii iliyomfuga mbwa kwa maelfu ya miaka, ikamfanya asiweze kuishi bila mwanadamu, haiwezi kumkana pale anapokuwa mzee, mgonjwa au mwenye hofu. Lakini naamini pia kwamba mahali pengi ufadhili huu umejengwa juu ya msingi dhaifu, kwa sababu ahadi inayotolewa ni ya maisha mazima na fedha zinazoibeba ni za mwezi mmoja mmoja. Ahadi ni deni, na deni la miaka 10 halilipwi kwa fedha ambazo mtoaji anaweza kuzikatisha Ijumaa hii kabla ya chakula cha jioni.

Kwanza tuelewane ni mbwa gani tunaowazungumzia. Wapo wazee, ambao watu huwakwepa kwa kuogopa gharama za daktari na uchungu wa kufiwa mapema. Wapo wenye kisukari, kifafa, ugonjwa wa figo au viungo vilivyoharibika, wanaohitaji dawa kila siku kwa saa maalumu. Wapo waliomuuma mtu. Na wapo wale ambao kwangu ni wa kusikitisha kuliko wote, yaani wanaomwogopa mwanadamu kupita kiasi bila kuwa wamemdhuru yeyote. Mtoto wa mbwa hujifunza kumzoea binadamu hasa kati ya wiki ya 3 na takriban wiki ya 12 hadi ya 14 ya maisha yake. Akiipitisha nafasi hiyo kichakani, jalalani au ndani ya banda la mfugaji asiyemgusa, anaweza kuishi miaka yote iliyobaki akiuona mkono wa mtu kama tishio, hata ukiwa umeshika nyama. Mbwa huyu hana kosa lolote, na bado hakuna familia yenye watoto na wageni inayoweza kuishi naye kwa amani.

Kuna kundi jingine ambalo halitokani na tabia wala ugonjwa, bali na karatasi ya serikali. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1991 kuhusu mbwa hatari ilipiga marufuku aina nne za mbwa, na mwishoni mwa mwaka 2023 mbwa wa aina ya XL Bully waliongezwa kwenye orodha hiyo. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2023 ilikuwa kosa katika England na Wales kuwauza, kuwazalisha, kuwatelekeza au kuwapa watu wengine, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 ikawa kosa kuwa naye mmoja bila cheti cha msamaha. Vituo vya uokoaji havikuruhusiwa tena kuwatafutia nyumba mbwa wa aina hiyo waliokuwa mikononi mwao. Mbwa aliyekuwa akisubiri familia siku moja kabla ya mwaka kwisha alijikuta kesho yake hawezi kupewa mtu yeyote, ingawa tabia yake ilikuwa ile ile ya jana. Kwa wenye mbwa walioamua mnyama wao auawe kwa sindano kabla ya tarehe ya mwisho, serikali ilitoa fidia ya pauni 200. Sipingi haki ya dola kuwalinda raia, kwa sababu watu walikuwa wamekufa na hofu yao ilikuwa ya kweli. Ninachosema ni kwamba dola iliweka bei ya kifo na haikuweka bei ya uhai, ikawaachia wasamaria wema mzigo wa wale ambao hawakuuawa.

Mfano ninaouona kuwa na mafunzo mengi zaidi uko Marekani. Mwezi Aprili 2007, maofisa walipekua mali ya Michael Vick, mchezaji maarufu wa kandanda ya Kimarekani wa timu ya Atlanta Falcons, katika wilaya ya Surry, jimbo la Virginia. Walikuta mbwa wengi wa jamii ya pit bull waliofugwa kwa ajili ya mapigano ya kamari. Desemba mwaka huo Vick alihukumiwa kifungo cha miezi 23. Mpaka wakati huo, desturi katika kesi za aina hiyo ilikuwa kwamba mbwa hutunzwa kama ushahidi, na kesi ikiisha huuawa wote. Hata mashirika makubwa ya kutetea wanyama, yakiwemo Humane Society of the United States na PETA, yalishauri kwamba mbwa wa Vick wauawe, kwa hoja kwamba walikuwa wamekwisha kuharibiwa na kwamba fedha zitakazotumika kwao zingeokoa mbwa wengi zaidi wasio na historia hiyo.

Mahakama ilichukua njia nyingine. Wataalamu wa tabia za mbwa, wakiongozwa na watu wa ASPCA, shirika la Marekani la kuzuia ukatili kwa wanyama, waliwapima mmoja mmoja, na profesa wa sheria, Rebecca Huss, akateuliwa kuangalia maslahi yao na kupendekeza kila mmoja apelekwe wapi. Kati ya mbwa 49 waliofanyiwa uamuzi huo, mmoja aliuawa kwa sababu ya ukali uliopita mipaka na mwingine kwa sababu ya ugonjwa. Waliobaki, 47, waligawiwa kwa mashirika mbalimbali. Wale 22 waliodhaniwa kuwa na matatizo makubwa zaidi walipelekwa mwanzoni mwa mwaka 2008 kwenye hifadhi ya Best Friends Animal Society, iliyoanzishwa mwaka 1984 karibu na mji wa Kanab, jimbo la Utah, katikati ya korongo la mawe mekundu. Ili yeyote kati yao aweze kupewa familia, alipaswa kwanza kufaulu mtihani wa tabia njema ambao mbwa wa kawaida wa mjini hufanya.

Kilichofuata kinapaswa kumfikirisha kila anayelitumia neno "hachukuliki" kwa haraka. Baadhi ya mbwa hao, wakiwemo Handsome Dan na Cherry, walifaulu, wakapata nyumba na wakaishi na familia kwa miaka mingi. Wengine hawakuondoka. Wawili kati ya hao wananihusu zaidi katika makala hii. Mmoja ni Meryl, jike ambaye mahakama iliamuru asitoke hifadhini maisha yake yote kwa sababu ya ukali wake kwa watu asiowajua. Mwingine ni Lucas, dume lenye makovu usoni, aliyekuwa bingwa wa mapigano. Lucas aliwapenda watu. Walezi wake walimweleza kuwa mpole na mwenye furaha. Naye aliamriwa abaki hifadhini mpaka kufa, kwa kuwa ilihofiwa kwamba jina lake la ubingwa lingewavutia watu wa kamari wamtafute na kumrudisha ulingoni. Kwa hiyo mbwa wawili walifikia hukumu moja kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo, mmoja kwa sababu ya alichoweza kuwafanyia watu na mwingine kwa sababu ya ambacho watu wangeweza kumfanyia yeye. Anayeombwa kufadhili ana haki ya kujua ni sababu ipi inayomweka mbwa wake ndani, na kama sababu hiyo inapitiwa upya kila mwaka au iliandikwa mara moja ikasahauliwa.

Fedha nazo zilipatikana kwa njia ya pekee. Vick aliamriwa kulipa takriban dola 928,000 kwa ajili ya matunzo ya mbwa hao. Ukizigawa kwa mbwa 47 waliobaki hai, ni wastani wa karibu dola 19,700 kwa kila mmoja. Wapo walioshangaa kwamba fedha nyingi namna hiyo zitumike kwa mbwa. Mimi naona zilikuwa fedha za haki kuliko nyingine yoyote niliyowahi kuisikia katika suala hili, kwa sababu zililipwa na aliyesababisha madhara, zililipwa mapema kabla miaka ya matunzo haijaanza, na zilikadiriwa kwa kuangalia urefu wa maisha yaliyobaki. Kituo kilichowapokea mbwa hao hakikuanza safari ya miaka kumi kikiwa na mafuta ya kilomita moja.

Vituo vingi haviko katika hali hiyo. Huko Uingereza, shirika la Dogs Trust, lililoanzishwa London mwaka 1891 kwa jina la National Canine Defence League, lina sera ya kutomuua mbwa mwenye afya, na kwa miaka mingi limewaalika watu wa kawaida kumfadhili mbwa asiyepata nyumba kwa kiasi cha kuanzia pauni 1 kwa wiki. Ni shirika kubwa, lenye akiba na lenye urithi unaoachwa na watu katika wasia zao, na kwa sababu hiyo linaweza kubeba ahadi yake. Lakini tuichukue hesabu yenyewe, bila nguvu za shirika hilo nyuma yake. Pauni 1 kwa wiki ni pauni 52 kwa mwaka. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba chakula, usafi, mshahara wa mlezi na sehemu ya bili ya daktari vinafika pauni 5 kwa siku kwa mbwa mmoja, kiasi ambacho katika nchi ile si kikubwa. Hiyo ni pauni 1,825 kwa mwaka. Mbwa mmoja atahitaji wafadhili wapatao 35 wa pauni 1, na atawahitaji kwa miaka yote aliyobakiza, ambayo kwa mbwa mdogo aliyeingia kituoni akiwa na miaka 3 inaweza kuwa 10 au zaidi.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini mashirika makini husema waziwazi kwamba fedha za ufadhili huingia kwenye mfuko wa pamoja, na kwamba mbwa anayeonekana pichani anawasimamia wenzake. Sioni udanganyifu hapo, mradi imesemwa kabla mtu hajatoa. Bila utaratibu huo, mbwa mwenye macho ya huruma na mguu uliokatwa angekuwa na wafadhili 500, na mbwa mweusi mwenye umri wa makamo, asiye na kilema, anayebweka kila mtu anapokaribia, angekuwa na 3. Huruma ya watu ni ya kweli lakini haijui kugawa kwa haki, na mfuko wa pamoja huisaidia kufika kwa yule asiyejua kujipendekeza.

Ugumu unaanza pale mfadhili anaposhikamana na sura moja. Mbwa huyo akifa, wafadhili wengine hukubali kuhamia kwa mwingine, na wengine huondoka, na kwa kuwa mbwa asiyepata nyumba mara nyingi ni mzee au mgonjwa, kifo hakiko mbali. Kabla ya kifo, kuna kupoteza kazi, kuhama nchi, kuzaliwa kwa watoto na ada za shule. Hakuna kati ya sababu hizi iliyo ya aibu. Lakini mwenye kituo kidogo aliyepokea mbwa 40 kwa kuitegemea michango ya aina hii, ikipungua kwa theluthi moja, hawezi kupunguza mbwa kwa theluthi moja. Atakachopunguza ni chakula, ziara za daktari na watu wa kuwatembeza, na mfadhili aliyebaki ataendelea kutumiwa picha ile ile.

Italia imejaribu kulitatua jambo hili kwa kulikabidhi kwa dola, na matokeo yake yanastahili kusomwa kwa makini na kila anayedhani kwamba uhai pekee unatosha. Sheria namba 281 ya tarehe 14 Agosti 1991 ilikataza kuwaua mbwa waliookotwa mitaani, isipokuwa wale wenye ugonjwa mkubwa usiotibika au waliothibitishwa kuwa hatari. Ilikuwa sheria ya kibinadamu, iliyotangulia nchi nyingi, na sina neno baya juu ya nia yake. Jukumu la kuwatunza mbwa hao lilikuwa la manispaa, na manispaa nyingi, hasa za kusini ambako mbwa wa mitaani ni wengi, ziliingia mikataba na mabanda ya watu binafsi na kuwalipa kiasi fulani kwa kila mbwa kwa kila siku. Fikiria maana ya mkataba wa namna hiyo kwa mfanyabiashara. Mbwa anayepata nyumba ni mapato yaliyopotea. Mbwa anayekula kidogo, asiyetibiwa na asiyeonwa na mgeni ni faida. Mashirika ya kutetea wanyama ya nchi hiyo, likiwemo LAV, yamepiga kelele kwa miaka mingi juu ya mabanda yaliyojaa kupita kiasi, ambamo mbwa wameingia wakiwa watoto na kuzeekea juu ya saruji bila kukanyaga nyasi. Sheria iliwapa uhai, kisha namna ya malipo ikawafanya wafungwa wenye thamani kwa sababu tu hawaondoki.

Nimelitaja jambo la Italia kwa urefu kwa sababu kosa lake halihusu serikali peke yake. Mfadhili binafsi naye anaweza kulirudia bila kujua. Kituo kinachopata fedha nyingi zaidi kadiri mbwa wake wanavyoonekana hawachukuliki hakina haraka ya kumfundisha Meryl kuwazoea wageni. Sisemi kwamba watu wa vituo ni waovu. Wengi wao niliowafahamu wanafanya kazi ambayo mimi nisingeiweza kwa mwezi mmoja. Nasema kwamba mfumo wa fedha humsukuma hata mtu mwema, polepole, kuelekea upande unaolipa. Kwa hiyo ufadhili mzuri ni ule unaoendelea kulipa hata mbwa anapobadilika na kupata nyumba, na unaoiona siku hiyo kuwa mafanikio makubwa ya fedha zake, ingawa ni siku ambayo mfadhili anampoteza mbwa wake.

Tukubaliane pia kwamba banda si maisha. Tafiti zilizopima homoni ya kortisoli kwa mbwa waliotoka kuingizwa kwenye vituo zimeonyesha kwamba msongo wao hupanda sana katika siku za mwanzo. Wengine huzoea. Wengine huanza kuzunguka mahali pamoja, kulamba ukuta, kujitafuna miguu. Mbwa wa kukaa miezi miwili akisubiri familia anaweza kuvumilia banda la sakafu ya saruji. Wa kukaa miaka minane anahitaji mahali pa aina nyingine kabisa, pawe na udongo wa kuchimba, kivuli, mwenzake wa kulala naye ikiwa anampenda mwenzake, na mtu yule yule anayemjua akija kila asubuhi. Mtu huyo ndiye gharama kubwa kuliko zote na ndiye anayesahaulika katika matangazo. Magunia ya chakula hupigwa picha kwa urahisi kuliko mshahara wa mlezi, ilhali mbwa mwoga hupona kwa kumzoea mtu mmoja asiyebadilikabadilika, na walezi wanaolipwa kidogo hubadilika kila baada ya miezi michache.

Halafu kuna suala la kifo, ambalo matangazo ya ufadhili hulizunguka. Ahadi ya matunzo ya maisha yote haina budi kuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema kwamba maisha haya sasa ni mateso, na mtu huyo awe daktari wa wanyama, si mhasibu wala mpiga picha. Nimewahi kusikia watu wakijivunia kwamba kituo chao hakijawahi kumuua mbwa yeyote. Kwa kituo chenye mbwa wazee na wagonjwa, kauli hiyo hainipi faraja. Mbwa mwenye saratani ya mifupa asiyeweza tena kusimama haombi siku nyingine kwa ajili ya mfadhili aliye mbali. Na yule mmoja kati ya mbwa 49 wa Virginia, ambaye wapimaji walikubaliana kwamba hawezi kuishi salama na mtu wala mbwa mwingine, sioni kwamba alidhulumiwa.

Sasa nije kwetu, ambako hoja nzito kuliko zote dhidi ya ufadhili huu ipo na haiwezi kupitwa kimya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao katika Afrika na Asia, na takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Inajulikana pia namna ya kuukomesha ugonjwa huu: kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo, na kurudia kila inapohitajika. Tanzania inalijua hili kwa kazi ya miaka mingi iliyofanywa katika vijiji vinavyoizunguka Serengeti. Mzazi wa kijiji ambacho hakijafikiwa na chanjo akisikia kwamba kuna mtu anayelipia dawa za figo za mbwa mzee mmoja, kwa gharama ambayo ingechanja mbwa wa kijiji kizima, ana haki ya kuuliza tumepoteza wapi akili.

Najibu hoja hiyo kwa kuikubali zaidi ya nusu. Katika Afrika Mashariki, kituo kisichochanja na kisichofunga kizazi mbwa wa mtaa wake hakina haki ya kumwomba mtu yeyote afadhili mbwa wa kudumu, kwa sababu kinateka maji kwenye mtumbwi bila kuziba tundu. Kazi ya kwanza ni chanjo, ya pili ni kuzuia mbwa wasiotakiwa wasizaliwe, na matunzo ya maisha yote yaje baada ya hizo, kwa idadi ndogo inayojulikana. KSPCA, shirika la kutunza wanyama la Nairobi, na vituo vingine vya eneo letu hupokea wanyama wengi kuliko nafasi zilizopo, na kila banda linalokaliwa na mbwa mmoja kwa miaka minane lingeweza kupitisha mbwa wengi wanaosubiri familia. Gharama hiyo ni ya kweli na inalipwa na mbwa wengine, wasiopigwa picha.

Lakini sehemu ya hoja ninayoikataa ni ile inayodhani kwamba shilingi isiyotolewa kwa mbwa mzee itakwenda yenyewe kwenye chanjo. Mara chache huenda. Anayetoa kwa ajili ya mbwa mmoja anayemjua kwa jina mara nyingi ndiye huyo huyo anayekubali baadaye kuchangia chanjo ya wilaya, kwa sababu amekwisha kumwona mnyama kuwa kiumbe chenye siku zake. Na watu wa pwani wenye kuchunga udhu, ambao wengi wao hawamwingizi mbwa ndani kwa sababu ya mafundisho ya dini kuhusu mate yake, wanaijua pia hadithi sahihi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Mbwa yule hakuwa wa ndani wala hakuwa wake. Kumtunza bandani, nje, kwa maji safi, kivuli na dawa, hakumlazimishi mtu kuvunja twahara yake.

Historia ya Waislamu ina chombo kinacholifaa jambo hili kuliko mchango wa kila mwezi, nacho ni wakfu. Msafiri Ibn Battuta alipopita Damascus katika karne ya 14 alisimulia juu ya wakfu uliokuwepo kwa ajili ya kuwalipia watumwa na watumishi waliovunja vyombo vya mabwana zao, ili wasipigwe. Watu waliofikiri mpaka kwenye sahani iliyovunjika walikuwa wameelewa kwamba huruma ya kutegemea moyo wa siku hiyo haitoshi, inahitaji mali iliyofungwa, ambayo shina lake haliliwi na matunda yake hutumika. Mbwa wa kudumu anahitaji mpango wa namna hiyo. Kituo kikisema kina nafasi 10 za mbwa wasiopata nyumba, kiwe na mali au akiba inayolipia nafasi hizo 10, iwe nyumba ya kupangisha, shamba, au mfuko uliowekezwa, na michango ya wafadhili wa kila mwezi iongeze ubora wa maisha na kuikuza akiba hiyo. Nafasi ya 11 isifunguliwe kwa sababu ya picha moja ya kuhuzunisha. Najua kusema hivi ni rahisi kwa asiyesimama getini huku mtu akishusha mbwa kwenye boksi na kuondoka. Hata hivyo aliyemo ndani alikwisha kuahidiwa, na kila anayeongezwa bila fedha yake anapunguziwa kutoka kwenye ahadi ya huyo.

Na pale aliyesababisha madhara anapojulikana, alipe yeye kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sura ya 360 ya sheria zake inayokataza ukatili kwa wanyama. Mijadala yetu kuhusu sheria hizi huishia kwenye faini inayokwenda serikalini, huku mbwa aliyemwagiwa maji ya moto au aliyefungwa mnyororo mpaka ukazama shingoni akibaki mikononi mwa kituo kwa miaka yote anayobakiza kuishi. Mawakili na watunga sheria wanaojali jambo hili wangefanya kazi kubwa kama wangeshinikiza kwamba, mtu akitiwa hatiani, mahakama ikadirie miaka ambayo mnyama huyo anatarajiwa kuishi, izidishe kwa gharama ya matunzo yake, na kuelekeza fedha hizo kwa anayemtunza. Mfadhili wa hiari abaki kwa ajili ya wale ambao hawana wa kumdai: aliyezeeka baada ya mwenye kumfuga kufariki, mwenye kifafa aliyezaliwa nacho, na yule aliyefikisha wiki 14 bila kuguswa na mkono wa mtu.